Safari ya Ufilipino Pasipo Meli

Nchi ya Ufilipino iko mbali nasi, ng'ambo ya Bahari ya Hindi na kuipita. Ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, na watu wake wapita milioni 100. Karibu wanane katika kila kumi ni Wakatoliki. Lakini hesabu kama hizo hazimwonyeshi mtu namna watu wanavyoishi nyumbani mwao. Kwa hiyo nataka kuwapelekeni huko kwa njia ya vitabu viwili na sinema mbili.

Tuanze na kuku. Mwaka 1887 kijana mmoja, José Rizal, mganga wa macho, alichapisha mjini Berlin hadithi ndefu iitwayo Noli Me Tangere, maana yake «Usinishike», maneno ya Bwana wetu kwa Maria Magdalena katika Injili ya Yohane. Mwanzoni mwa hadithi twaona karamu mjini Manila. Chakula ni tinola, yaani mchuzi wa kuku wenye tangawizi. Padre Damaso, mtawa Mhispania aliyekaa miaka mingi katika nchi ile, apakuliwa shingo tupu na bawa gumu. Kijana Ibarra, aliyerudi kutoka Ulaya, apewa vipande vinono pamoja na firigisi. Padre aponda maboga kwa hasira, aangusha kijiko, asukuma sahani. Nani kwetu asiyefahamu maana yake? Hata katika vijiji vyetu firigisi haipewi mtu yeyote tu. Kwa sahani moja Rizal ameonyesha nani ajihesabu kuwa mkubwa katika nchi ya watu wengine, na ugomvi wote wa hadithi watoka hapo.

Lakini aniumizaye moyo zaidi ni Sisa, mama maskini mwenye watoto wawili wapiga kengele kanisani. Mdogo, Crispin, asingiziwa wizi, apigwa, wala harudi tena nyumbani. Mama apatwa na wazimu, azunguka akiwaita wanawe. Wafilipino wamemfanya kuwa sura ya nchi yao wenyewe.

Kitabu cha pili, El Filibusterismo, kilichapishwa mwaka 1891 huko Gent katika Ubelgiji, kwa kuwa gharama ya uchapaji ilikuwa nafuu. Fikirini jambo hilo: mwaka ule ule, katika nchi ile ile ya Ubelgiji, mfalme Leopold wa Pili alikuwa akiitawala Kongo yetu kama mali yake. Sidhani kama wachapaji wa Gent waliyaunganisha mambo hayo mawili. Rizal alikitolea kitabu hicho kuwa ukumbusho wa mapadre watatu, Gómez, Burgos na Zamora, waliouawa na serikali ya Hispania tarehe 17 Februari 1872. Hao hawakuwa adui wa Kanisa. Walikuwa mapadre, na Burgos hasa alitetea haki ya mapadre wazalia kukabidhiwa parokia. Rizal naye alipigwa risasi mjini Manila tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 35.

Je, familia ya Kikristo isome kitabu kinachowachapa mapadre namna hiyo? Swali hili liliwagawanya Wafilipino wenyewe. Mwaka 1956 seneta Claro Recto aliwaongoza waliotaka hadithi hizo mbili zisomwe katika kila shule. Maaskofu walipinga kwa nguvu. Sheria ilipita mwezi wa Juni, nayo yaruhusu mwanafunzi kuomba udhuru kwa sababu ya dini. Mimi nasema isomwe. Rizal alifundishwa na Wayesuiti, naye ajua vema tofauti ya Injili na kiburi cha mtu aliyeishika mkononi. Mzazi anayemficha mwanawe Padre Damaso amwacha akutane naye peke yake siku nyingine.

Katika sinema, ya kwanza ni Himala, yaani Muujiza, iliyotengenezwa na Ishmael Bernal mwaka 1982. Kijiji kimekauka kwa ukame. Msichana Elsa, aliyechezwa na Nora Aunor, asema amemwona Bikira Maria. Wagonjwa waja, magari yaja, na wenye kuuza vitu waja. Kijiji chapata fedha. Tazameni nyuso za umati ule: sikuona mahali pengine njaa ya watu kwa Mungu na njaa yao ya chakula zikichanganyika hivyo.

Ya pili, Maynila sa mga Kuko ng Liwanag ya Lino Brocka, ilitoka mwaka 1975, Rais Marcos alipokuwa akitawala kwa sheria ya kijeshi. Mvuvi Julio aja Manila kumtafuta mchumba wake Ligaya. Mama mmoja mwenye mavazi mazuri alifika kijijini kwao, akaahidi kazi na masomo, akaondoka na binti. Julio apata kazi ya kujenga majumba. Siku ya mshahara atia sahihi kwa kiasi kimoja, apewa kiasi kidogo kuliko hicho. Na anayelalamika afukuzwa. Akina mama wa kwetu wanaopokea wageni wenye ahadi kama zile wataielewa sinema hii bila kuelezwa.

Atakaye kuanza, aanze na Noli. Kimefasiriwa kwa Kifaransa, na walimu waweza kukisoma sura kwa sura pamoja na wanafunzi wakubwa. Himala na Maynila ziachwe kwa watu wazima, maana zina mambo mazito ambayo mtoto hapaswi kuyaona.