Pamejaa

Jimbo la Baden-Württemberg hufunga shule mwishoni mwa Julai na kuzifungua katikati ya Septemba. Majimbo mengi ya Ujerumani hubadilishana zamu mwaka hadi mwaka ili barabara zisizibe zote kwa pamoja, lakini sisi na jirani zetu wa Bavaria hatumo katika zamu hiyo. Siku zote ndio wa mwisho. Mwenye watoto wa shule pale Stuttgart hana budi kusafiri Agosti, mwezi ambao Waitalia nao wanaacha kazi kuipisha sikukuu yao ya tarehe 15, na nusu ya Ufaransa inahamia pwani. Katika msongamano huo ndimo mimi na mwenzangu, watu wa Tanga tuliokwenda kule kwa kazi ya uuguzi, tulimojifunzia safari za gari la kulala.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen T3 iliyokwisha kupita mikono mingi, tulilinunua tukingali tukitumia Deutschmark. Injini iko nyuma, chini ya kitanda. Paa linainuliwa kwa mkono, watoto wanalala juu. Lilikuwa na jiko la gesi, na friji iliyopoza siku ikitaka. Choo hakikuwamo, na hicho ndicho kilichotuamulia safari zetu: mwenye choo chake anaweza kulala popote atakapofumbiwa macho, asiye nacho lazima atafute kambi.

Kambi ilitafutwa kwa kitabu. ADAC, chama cha wenye magari, kilichapa kitabu kinene cha kambi za Ulaya. Waholanzi walikuwa na chao cha ACSI, kazi iliyoanzishwa mwaka 1965 na mwalimu wa shule, Ed van Reine. Kitabu kilikwambia kama kuna vivuli, kama maji ya moto yanalipiwa, kama mbwa anaruhusiwa. Kama leo kuna nafasi, hilo ulilijua ukifika. Tulipita Ulm, tukapanda Fernpass, tukavuka Innsbruck na Brenner, tukateremka hadi Ziwa Garda, ambako kati ya Bardolino na Peschiera kambi zimefuatana karibu ukuta kwa ukuta. Tuliondoka nyumbani saa nane za usiku kwa makusudi. Baina ya saa nne na saa sita asubuhi wanaoondoka hukunja hema zao, na aliyeko langoni wakati ule ndiye mrithi. Ukifika saa tisa alasiri, kibao cha "Completo" kimeshatundikwa na mstari wa magari umefika barabara kuu. Ilikuwa kama stendi ya mabasi ya Ubungo, Dar es Salaam, wiki ya Krismasi, ila wapiga debe tu ndio hawapo.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa mpatanishi. Mimi nilibaki kwenye usukani, yeye anashuka na mtoto mdogo mgongoni kwa mbeleko, anasalimu kwa Kiitaliano cha kuokoteza, anauliza habari za kazi na joto kabla hajauliza nafasi. Wenzetu Wazungu kwenye mstari walikuwa wakiuliza nafasi kwanza. Mara nyingi alirudi na kitu: kipembe nyuma ya mapipa ya taka, usiku mmoja, kesho muhame. Kwetu kilitosha. Watoto walishaingia majini kabla sijazima gari.

Wanaoyasifu mambo ya zamani huishia hapo. Mimi siwezi, kwa sababu lango lile lilikuwa na macho. Zipo kambi tulizoambiwa pamejaa, na tukiwa bado tunageuza gari, familia iliyokuwa nyuma yetu, yenye namba za Ujerumani kama zetu, ikainuliwa kizuizi ikaingia. Mwenzangu hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa akirudi dirishani, anauliza tena taratibu, kwamba labda sasa hivi kuna aliyetoka? Wapo walioona haya wakatupa nafasi. Asipopewa alipanda, akafunga mlango, akasema, "Baba watoto, washa gari. Hapa wametuona."

Ndiyo maana kuhifadhi nafasi kulipohamia kwenye intaneti sikulia na wenzangu waliolia. Ulijaza fomu, ukalipa malipo ya awali, ukaandikiwa namba ya kiwanja. Fomu ilitaka kadi ya benki na urefu wa gari. Tulipofika langoni tukiwa tumekwisha lipa, hapakuwa na la kujadili.

Tulichopoteza ni magurudumu. Kambi kubwa zilianza kuuza Agosti mwezi wa Januari, tena kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Mvua ikinyesha Garda, huwezi kusema basi twende Tuscany, umeshalipa. Na wodini kwetu ratiba ya likizo ilikamilika baada ya viwanja vyenye kivuli kuisha. Aliyefaidi zamani ni aliyewahi kuamka. Sasa akawa anayejua, theluji ikiwa bado dirishani, atakuwa wapi tarehe 8 Agosti.

Kisha ukaja Uviko. Mwaka 2020 watu waliogopa ndege na hoteli, na magari mapya ya kulala yaliyosajiliwa Ujerumani yalipita 75,000, wakati mwaka uliotangulia hayakufika 55,000. Programu za simu kama park4night zilimwonyesha kila mmoja kile kichochoro cha ufukweni ambacho awali kilijulikana na wachache. Miji ya pwani ikajibu kwa kufunga vyuma juu ya milango ya maegesho, kama mita mbili kutoka ardhini, magari marefu yasipite. Sheria ya Italia bado inakuruhusu kuegesha gari la kulala kama gari jingine lolote, mradi liguse ardhi kwa magurudumu tu: ukitoa kiti nje, umeshapiga kambi. Nimeona polisi akihesabu viti.

Watoto wamekua, nasi tumekuwa watu wa Septemba, wenye gari lenye choo. Kwa hiyo tumeingia France Passion, mpango ulioanza mwaka 1993, ambao wakulima wa Ufaransa wanawaachia wenye magari yanayojitegemea walale shambani bure, hadi saa 24. Halazimishwi mtu kununua kitu, ila haya zina nguvu kuliko mkataba. Shamba letu la kwanza, kule Alsace, lilikuwa la mvinyo, na sisi hatunywi. Mwenzangu alimweleza mama mwenye shamba, naye akacheka, akaingia ghalani, akatoka na juisi ya zabibu ambayo alisema huwatengenezea madereva na wajawazito. Tulinunua katoni mbili. Kambi ingetutoza kidogo zaidi ya nusu ya bei ile.