Hodhi Iliyo Chini ya Sakafu ya Napoli

Miji mingi ya dunia ina majumba ya kutazamia samaki hai, lakini ni machache mno yaliyojengwa katika karne ya 19 ambayo yangali yakifanya kazi. Mojawapo ni lile la Napoli, mji wa bandari ulio kusini mwa Italia, karibu na mlima wa moto wa Vesuvius. Ukijaliwa kufika huko, usiridhike na kumtazama pweza na kurudi zako. Uliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Jibu lake litamfaa kila anayetamani kuweka kipande cha bahari sebuleni kwake, hata kama anategemea mshahara wa mwezi tu.

BUSTANI KANDO YA GHUBA

Jumba hilo limo katika bustani ya Villa Comunale, kati ya barabara ya Riviera di Chiaia na ufuo wa bahari. Mwanzilishi wake ni mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Anton Dohrn, aliyekuwa mfuasi wa mafundisho ya Charles Darwin. Mwaka 1872 alianzisha kituo cha elimu ya viumbe vya bahari katika kiwanja alichopewa na mji. Maonyesho ya samaki yalifunguliwa kwa watu wote mwezi Januari, 1874.

Shabaha ya Dohrn ilikuwa ya busara. Viingilio vya wageni visaidie kulipia kazi za maabara. Tena serikali na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vilikodi meza katika kituo hicho. Aliyepewa meza alipata mahali pa kufanyia kazi, vyombo, na viumbe hai vilivyoletwa kutoka baharini. Kwa njia hiyo wataalamu wa mataifa mengi walikutana chini ya paa moja.

Ukiingia ndani utakuta ukumbi wenye kiza. Mwanga hushuka kutoka juu ya matangi, ukapita kwanza majini ndipo ukufikie wewe, hata ukadhani kwamba wewe ndiye uliye chini ya bahari. Mbele yako wamo viumbe wa ghuba hiyo: pweza, mikunga, kaa na wengineo. Mwaka 1992 Graziano Fiorito na Pietro Scotto walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya Napoli. Pweza aliyemtazama mwenzake akichagua mpira wa rangi fulani, naye alipopewa nafasi alielekea kuchagua rangi ile ile. Kumbe kiumbe tunayemla kwa nazi ni mwanafunzi hodari!

SIRI YA MAJI

Lakini fahari hii yote ingeoza katika siku chache kama si kazi iliyofanywa mahali ambapo mgeni hafiki. Mpango wa maji wa Napoli ulibuniwa kwa msaada wa Mwingereza William Alford Lloyd. Yeye alikuwa na duka la matangi ya samaki mjini London katika miaka ya 1850. Baadaye alijenga akwaria ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 1864, na ile ya Crystal Palace, London, ya mwaka 1871.

Fikira ya Lloyd ilikuwa nyepesi kueleza. Maji yanayoonekana na watu yawe sehemu ndogo tu ya maji yote. Sehemu kubwa ikae gizani, chini ya sakafu, ndani ya hodhi. Pampu iyapandishe maji usiku na mchana, nayo yateremke yenyewe, yakichukua hewa njiani. Uchafu ukitokea, utagawanyika katika maji mengi. Joto likipanda ghafula, wingi wa maji utalipunguza.

Sasa fikiria tangi dogo la nyumbani. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na mwisho kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji kiasi cha majuma manne hadi sita kuenea. Tena maji yakikauka kwa joto, chumvi hubaki. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Katika tangi dogo kipimo hicho hupanda upesi, na samaki huteseka kabla mwenye nyumba hajatambua.

HODHI YA MTU WA KAWAIDA

Dawa yake ni ile ile ya Napoli, kwa gharama ndogo. Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ukiacha sentimita 4 tupu kwa juu, linabeba lita 47 hivi. Chini yake weka chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, chenye ujazo wa lita 40, ukitie lita 25 tu. Maji yako yameongezeka kwa zaidi ya nusu, wala hukununua kioo kipya.

Toboa tundu la kutokea maji karibu na ukingo wa tangi la juu, ulitie bomba la kushuka. Ndani ya chombo cha chini weka sifongo la kuzuia uchafu, kisha vipande vya mawe ya chokaa ambamo bakteria watakaa. Mwisho weka pampu ndogo ya kurudisha maji juu. Usitumie shaba mahali popote, maana huwaua kaa na konokono wa bahari.

Hapo ndipo penye mtihani. Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka. Yakipungua kwa sentimita 3, hizo ni lita 5 na zaidi, na chombo chako kina nafasi ya lita 15. Sakafu itasalimika. Lakini bomba la kurudisha maji laweza kuendelea kunyonya tangi la juu. Kwa hiyo litoboe tundu dogo, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mkondo.

Hatari ya pili ni kuziba kwa bomba la kushuka. Zile sentimita 4 zilizo tupu ni nafasi ya lita 7. Basi iinue pampu juu ya jiwe, isiweze kupandisha zaidi ya lita 5 kabla ya kukosa maji. Yajaribu mambo yote mawili kabla ya kutia samaki hata mmoja. Waya wa umeme uning'inie chini kuliko soketi, ili matone yaanguke sakafuni. Maji yaliyokauka yajazwe kwa maji baridi yasiyo na klorini, wala si ya chumvi.

FUNZO LA UFUKO

Yako jambo moja kubwa kuliko pampu. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake juu ya akwaria, na watu wa nchi yake wakashikwa na shauku. Walimiminika pwani wakikusanya kila kiumbe kilichong'ang'ania mwamba. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwa masikitiko kwamba madimbwi ya miambani aliyoyajua utotoni yalikuwa yameharibiwa. Wengi wa viumbe waliochukuliwa walikufa katika maji yaliyooza.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna miamba yetu. Matumbawe ni viumbe hai, yanakua polepole, na samaki wa chakula chetu hutegemea makao hayo. Mzazi anayetaka kuwafunza wanawe bahari aanze kwa kutengeneza maji, asubiri yapevuke, kisha awaweke samaki wawili au watatu tu. Anayeanza kwa kuubomoa mwamba amewafunza watoto wake kuharibu. Tangi likifurika, sakafu hupanguswa kwa tambara. Mwamba uliobomolewa hauna tambara.