Njia Imefungwa: Na Nani?

Mwezi wa Septemba 2023, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma, ambayo wenyewe huiita kwa kifupi BLM, ilitoa uamuzi kuhusu njia za eneo la Labyrinth Canyon, karibu na mji wa Moab katika jimbo la Utah. Njia zenye urefu wa maili 317, yaani kilomita zipatazo 510, zilifungwa kwa pikipiki, jeep na magari madogo ya porini. Zaidi ya maili 800 zilibaki wazi. Watetezi wa mazingira walishangilia. Waendeshaji walikasirika, wakakata rufaa, wakaenda mahakamani.

Habari hii ilinifikia katika zoezi la tafsiri. Mhadhiri wetu alimgawia kila mmoja matini ya kiserikali kutoka nchi ya mbali, na mimi nikapata hiyo. Nilidhani kazi itakuwa kutafuta majina ya vyombo na miamba. Lakini kilichonichelewesha usiku mzima ni kitenzi ambacho kila mtoto anakijua: kufunga. Nilichelewa kwa sababu wiki zile zile yaya wangu, ambaye ni motari kijijini kwetu, alikuwa amenipigia simu kunieleza kwamba njia yake imezibwa. Katika makala haya ninataka kuziweka njia hizi mbili pamoja, ile ya Utah na ile ya kwetu Katanga, nione isimu inaweza kutuambia nini.

Tuanze na sarufi. Mvua za Januari zikinyesha, tunasema njia haipitiki. Hapo kitenzi kiko katika kauli ya kutendeka, nacho hakikubali mtenda. Huwezi kusema "njia haipitiki na Mutombo". Hakuna wa kulaumiwa, ni matope. Lakini tukisema njia imefungwa, tumeingia katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo inaacha kiti kitupu mwishoni mwa sentensi: imefungwa na... Mtenda yupo, ila hatajwi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua tofauti hii. Jambo ambalo hatufundishwi darasani ni kwamba katika maisha kauli ya kutendwa hujifanya kauli ya kutendeka. Ubao unaosema imefungwa unataka usomwe kama mvua.

Kiswahili chetu cha Katanga kina njia ya tatu. Yaya hakuniambia "njia imefungwa". Alisema: "Balifunga njia." Nikamwuliza: "Banani?" Akajibu: "Bale ba kompanyi." Kiambishi ba- hapa ni cha watu wengi wasiotajwa, na kazi yake inakaribia sana ile ya kauli ya kutendwa. Jirani zetu wanaosema Kibemba wanatumia ba- kwa namna hiyo hiyo, na waliobobea katika lugha za Kibantu wameliandikia sana umbo hili. Mimi ninapenda kitu kimoja ndani yake: ba- haisemi ni nani, lakini inasema kwamba ni watu. Ndiyo maana swali "banani?" linafuata lenyewe. Ukisikia imefungwa, unaweza kunyamaza na kurudi nyumbani. Ukisikia balifunga, unauliza.

Sasa turudi Utah tuone kilichotokea kwa maneno wazi na kufungwa. Mwaka 1866 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kifupi, cha sentensi moja, kilichotoa haki ya kupitisha barabara katika ardhi ya umma ambayo haijatengwa kwa kazi nyingine. Kwa miaka mia moja na zaidi, watafuta madini na wachungaji walipita, na kupita kwao kukawa barabara. Kifungu kilifutwa mwaka 1976, ila haki zilizokwisha kupatikana ziliachwa. Mpaka leo jimbo la Utah linadai njia zaidi ya 12,000 kwa msingi huo.

Wakati huo huo fikra nyingine ilikuwa inakua. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri kwamba idara za serikali zitenge mahali ambapo vyombo vya porini vinaruhusiwa na mahali ambapo haviruhusiwi, ili kupunguza madhara kwa udongo, maji na wanyama, na ugomvi kati ya watumiaji wa ardhi. Kisha Novemba 2005, Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilitoa kanuni inayotaka kila msitu wa taifa uwe na ramani ya matumizi ya vyombo vya moto. Chombo cha moto kisipite penye njia isiyo kwenye ramani.

Sisi wanafunzi wa isimu tunaweza kulitambua badiliko hilo bila kuwa wanasheria. Wataalamu wa Prague, Trubetzkoy na Jakobson, walitufundisha kwamba katika jozi ya maumbo, moja hubeba alama na jingine halibebi. Lisilobeba alama ndilo la kawaida, halihitaji kusemwa. Zamani, katika misitu mingi, uwazi ndio uliokuwa wa kawaida: njia ni wazi, mpaka pawekwe ubao wa kuifunga. Baada ya 2005 mambo yakageuka: njia imefungwa, mpaka ramani iseme ni wazi. Hakuna mlima uliohama. Kilichohama ni alama. Na anayebeba mzigo wa kuthibitisha naye amehama: kwanza alikuwa mwenye kufunga, sasa ni mwenye kupita.

Nisieleweke vibaya. Wanaotaka njia zifungwe wana hoja, na ni hoja nzito. Udongo wa jangwa lile una utando juu yake, viumbe vidogo sana vilivyoshikana na kuushika mchanga usipeperuke. Tairi moja likipita, utando unavunjika, na kupona kwake kunachukua miaka mingi, hata makumi ya miaka. Kuna kondoo wa porini wanaokimbia kelele. Kuna wasafiri wa mitumbwi katika mto Green waliokwenda kutafuta kimya. Waendeshaji nao wanajibu: mzee asiyeweza kutembea, au mlemavu, atauonaje ukingo wa bonde bila gari? Hilo nalo si neno la kupuuzwa.

Kwetu pia mambo si meupe na meusi. Yaya anabeba makala. Mnisamehe, kwa Kiswahili cha Katanga makala ni makaa. Yeye anabeba makala kwa pikipiki, mimi ninaandika makala kwa kalamu, na yeye ndiye aliyelipa karo ya mwaka wangu wa pili. Lakini makala yake ni miti ya miombo iliyokatwa, na kila nikienda nyumbani ninaona msitu umesogea mbali zaidi. Mtu akiniambia kwamba kufunga njia ile kunaweza kuipumzisha miti, sina jibu la haraka. Tena kampuni ya migodi iliyochimba mtaro katikati ya njia ile ina sababu zake: magari makubwa yanapita, miamba inalipuliwa, madini yanaibwa usiku. Sibishani na sababu hizo.

Ninachobishana nacho ni namna ya kusema. Penye mtaro pamesimikwa ubao wenye maneno mawili ya Kifaransa: ACCÈS INTERDIT. Jina na neno la sifa lililotokana na kitenzi. Hakuna kitenzi kilichonyambuliwa, hakuna nafsi, hakuna wakati, hakuna tarehe. Tangu lini? Mpaka lini? Kwa nani: kwa pikipiki tu, au hata kwa mama anayekwenda kisimani kwa miguu? Na nani alisema? Ubao haujibu. Wengi wa wanaousoma hawasomi Kifaransa, wanausoma mtaro.

Linganisha na Moab. Waendeshaji wa kule walishindwa, na wanaona wamedhulumiwa. Lakini uamuzi uliowashinda ulikuwa na mwandishi, tarehe, ramani na sababu zilizoandikwa. Kabla haujatoka, watu waliruhusiwa kutuma maoni. Baada ya kutoka, palikuwa na mahali pa kukatia rufaa. Kauli ya kutendwa ya Marekani ina mtenda wake nyuma, ukitaka kumtafuta utampata, na unaweza kumpeleka mbele ya hakimu. Yaya wangu hana wa kumpeleka popote. Ana ba- tu.

Je, sheria yetu inasema nini? Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kanuni ya Migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka fidia ya haki kwa wenye haki wanaonyimwa matumizi ya ardhi. Mwenye shamba akija na shamba lake, angalau kuna neno la kuanzia mazungumzo. Lakini njia ni ya nani? Shamba lina mwenyewe. Njia ina wapitaji. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama na kusema "njia yangu imechukuliwa", maana kesho yake mwingine atasema vivyo hivyo, na wote wawili ni wakweli. Kwa hiyo kitu kinachotumiwa na watu wengi kuliko kitu kingine chochote kijijini ndicho kisicholipiwa fidia.

Hasara yenyewe inapimika. Kupitia njia ya zamani, kutoka kwetu hadi sokoni ni kilomita 11. Kuzunguka kwa barabara kuu ni 34. Yaya alikuwa anafanya safari tatu kwa siku. Sasa anafanya moja, na petroli ya safari hiyo moja ni zaidi ya ile ya safari tatu karibu zote. Mwezi wa Machi alimbeba mjamzito hadi kituo cha afya kwa kuzunguka. Walifika, mtoto alizaliwa salama. Yaya alinisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akasema hatambeba mwingine usiku. Methali inasema penye nia pana njia. Nia anayo.

Neno njia lenyewe lina ushahidi wake. Kiluba kina njila, Kibemba inshila, Kikongo nzila, Kilingala nzela. Ni neno la ukoo mzima wa Kibantu, la kale kuliko mpaka wowote na kuliko kibali chochote cha kuchimba. Siwezi kusema kwamba ukale wa neno unampa mtu haki mahakamani. Lakini unatukumbusha kwamba babu zetu walikuwa na jina la kitu kinachozaliwa kwa kupita watu, bila kuchorwa na mtu.

Na hapo ninaona kazi yetu. Huko Utah, jimbo lilipotaka kuthibitisha kwamba njia zilitumika kabla ya 1976, liliwatafuta wazee waliozijua na kurekodi ushahidi wao kwa kiapo kabla hawajafa: nilipita hapa mwaka fulani, nikiwa na fulani, tukichunga ng'ombe. Yaani katika vita vya njia, silaha mojawapo ilikuwa masimulizi. Kukusanya masimulizi ndiko tunakofundishwa kila muhula katika kitivo hiki.

Njia za kwetu haziko kwenye ramani, lakini zina majina. Ile iliyozibwa inaitwa Njia ya Misa, kwa sababu wazee waliipita Jumapili wakienda kusali. Kuna nyingine inaitwa Njia ya Bamama, inashuka kisimani. Majina haya ni data. Jina la njia linasema nani alipita, akienda wapi, na mara nyingi tangu kizazi gani. Tunaandika tasnifu juu ya majina ya watu, ya mito na ya mitaa ya Lubumbashi. Sijaona kwenye rafu ya maktaba yetu tasnifu juu ya majina ya vijia. Likizo ijayo nitakwenda na daftari na simu ya kurekodia, nianze na bibi zetu wa kijijini, niandike kila jina, maana yake, na mwaka wa kwanza ambao msimulizi anakumbuka kuipita njia hiyo. Wenzangu wanaotoka pande za Kolwezi, Likasi na Kasenga wakifanya hivyo hivyo, tutakuwa na orodha ambayo hakuna ofisi inayo.

Haitaziba mtaro. Lakini siku kampuni au mkuu wa eneo atakapouliza "njia gani?", kijiji kitaweza kuitaja kwa jina, na kutaja waliopita na tangu lini. Na kijiji nacho kitakuwa na haki ya kuuliza swali lake kwa Kiswahili chake: banani, na kwa karatasi gani?