Kumfundisha Mtoto wa Mbwa

Kwetu Ruaruke mbwa hafugwi kwa kuchezewa. Hulala nje, chombo chake ni kifuu cha nazi, wala nyumbani haingii, maana sisi ni Waislamu. Kazi yake ni shambani. Mpunga ukikaribia kukomaa, usiku huja nguruwe na mchana ngedere, na watu huhamia kwenye madungu wakalinda.

Likizo iliyopita babu alinikabidhi mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, jina lake Shaba. Kwanza tulimpeleka kuchanjwa, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Wenzangu walidhani nitamfundisha kubweka. Kubweka anajua mwenyewe! La lazima ni kurudi aitwapo. Mbwa asiyerudi humfuata nguruwe mpaka porini, na simba naye humfuata nguruwe huyo huyo. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 huku Rufiji.

Nilimfunga kamba ndefu, nikamwita mara moja tu, nikamvuta taratibu. Alipofika nikampa dagaa. Fimbo sikuishika. Mbwa akirudi akachapwa, kesho harudi.

Siku ya kumi na mbili nilimfungua kamba. Ngedere wakakatiza, akawafukuza hadi kwenye mikorosho. Nikaita, "Shaba!" Akasimama, akawatazama wale, akanitazama mimi, kisha akaja. Siku hiyo alipata dagaa wawili.

Sasa mimi nimo bwenini na babu ndiye anayelinda naye. Nimemwandikia asimwite kwa mluzi, amwite kwa jina.