Ndege Isiyo na Mwenyewe

Mnamo Desemba 2015, wasomaji wa gazeti la The Star nchini Malaysia walikutana na tangazo lisilo la kawaida. Kampuni inayosimamia viwanja vya ndege vya nchi hiyo ilikuwa ikimtafuta mwenye ndege tatu kubwa aina ya Boeing 747 zilizoachwa katika uwanja mkuu wa Kuala Lumpur. Mwenyewe alipewa siku 14 ajitokeze na kuziondoa. Asipofanya hivyo, zingeuzwa, na fedha zitakazopatikana zilipie deni lililolimbikizwa. Habari hiyo ilienea duniani na watu wengi wakacheka. Mtu aweza kusahau mwavuli ndani ya basi, walisema, lakini ni nani huyu anayesahau ndege tatu, kila moja ikiwa na urefu wa mita 70 hivi?

Nilipoisoma habari hiyo, kilichonivutia kilikuwa swali lililofichika chini ya kicheko hicho: tunapomtaja mtu kuwa ni mwenye kitu fulani, tunamaanisha nini? Swali hili ni la lugha na la uraia kwa pamoja, ndiyo maana nalileta kwenu leo, wanafunzi wapenzi.

Tuanze na kile kilichoonekana kwa macho. Ndege, kama binadamu, ina uraia. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaeleza kwamba kila ndege ina uraia wa nchi ilikosajiliwa, na kwamba haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Alama ya uraia huo huandikwa ubavuni mwake. Ndege za Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Y, za Tanzania 5H na za Rwanda 9XR. Wakati mwingine mkiwa Entebbe, zitazameni ndege zinazotua: mtajua kila moja imesajiliwa wapi kabla ya kuambiwa na mtu.

Ndege zile tatu zilikuwa na alama TF-ARM, TF-ARN na TF-ARH. TF ni Iceland, kisiwa kilicho mbali kabisa kaskazini mwa dunia. Kampuni ya huko, Air Atlanta Icelandic, ilipoulizwa ilisema kwamba kweli ziliwahi kuwa zake, lakini iliziuza tangu mwaka 2008. Kumbe alama ile ilikuwa kama jina la ukoo: ilieleza ndege zilikotoka, wala haikutaja ziko mikononi mwa nani. Siku chache baada ya tangazo, kampuni nyingine iitwayo Swift Air Cargo ikajitokeza na kudai kuwa ndiyo mmiliki. Wasimamizi wa uwanja hawakuridhika na maneno matupu. Walitaka ithibitishe madai yake. Kusema "ni yangu" ni jambo jepesi, lakini mali kubwa kama ile hudaiwa kwa hati.

Hapa ndipo sarufi inapotufaa. Kila mwaka nawasisitizia wanafunzi wangu tofauti kati ya kukodi na kukodisha. Anayekodi hulipa ili atumie mali ya mwingine. Anayekodisha hutoa mali yake kwa mwingine ili alipwe. Katika biashara ya ndege, silabi hiyo moja hubeba mamilioni ya dola. Shirika lililopaka rangi zake kwenye ndege huenda limeikodi tu. Kampuni iliyoikodisha huenda iko katika nchi ya pili, na benki iliyotoa mkopo wa kuinunua ikawa katika nchi ya tatu. Hata injini inaweza kuwa na mwenyewe aliye tofauti na mwenye bodi. Shirika likifilisika, watumishi hutawanyika na simu za ofisini hazipokelewi tena, ilhali ndege inabaki palepale ikinyeshewa mvua.

Mtafutaji afanyeje basi? Huanza na alama ya usajili, kisha huiuliza nchi husika daftari lake linasema nini. Kama alama imefutwa au kubadilishwa, hutafuta namba iliyotolewa na kiwanda, ambayo haibadiliki hata ndege ikihama nchi mara kumi. Iko pia sajili ya kimataifa huko Dublin, nchini Ireland, iliyotokana na Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001. Humo huandikwa haki za wale walioikopeshea fedha au kuikodisha ndege.

Pengine utauliza: kwa nini uwanja usiikatekate ndege hiyo na kuiuza kama chuma chakavu, mambo yakaisha? Kwa sababu aliyetoweka naye ana haki, na anayemdai ana haki pia. Tangazo lile lililochekwa lilikuwa hatua ya sheria: mtu asinyang'anywe mali yake kabla ya kuitwa hadharani na kupewa muda wa kujibu. Lakini haki hiyo ina kikomo. Anayeitwa asiitike hawezi kuwatwisha wengine gharama za mali yake milele.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilijidhihirisha huko Kolkata, nchini India. Mwaka 2012 ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Air India, ambalo wakati huo lilikuwa mali ya serikali, iliegeshwa katika uwanja wa mji huo. Miaka ikapita, na ndege ikatoweka katika orodha za shirika. Mwaka 2022 shirika likauzwa kwa Tata, na ndege hiyo haikuhesabiwa. Wasimamizi wa uwanja walipotaka iondolewe, ndipo wamiliki wapya walipochunguza na kugundua kwamba ni yao. Ada ya maegesho ilikuwa imekaribia rupia milioni 10. Novemba 2025 ikasafirishwa kwa barabara hadi Bengaluru ili itumike kuwafunzia mafundi. Kwa miaka 13 hivi ndege hiyo ilionekana na kila aliyepita, ila haikuonekana daftarini.

Msidhani kwamba haya ni ya viwanja vya mbali tu. Kijijini kwetu kulikuwa na pampu ya maji iliyoharibika, ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila kutengenezwa. Ofisi ya kwanza ilisema ni ya mradi. Mradi ulikuwa umekwisha. Ofisi ya pili ilisema ni ya kamati. Wajumbe wa kamati wengine walikuwa wamehama, wengine wamefariki. Wakati huo akina mama walirudi kuchota maji bondeni. Mambo yalibadilika pale mzee mmoja alipoinakili namba iliyochongwa kwenye saruji ya kisima, akaipeleka wilayani, na kuomba asomewe kilichoandikwa mbele yake. Mwenye dhamana alikuwamo daftarini. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Kumiliki ni kufaidi na pia ni kuwajibika. Wengi hupenda nusu ya kwanza ya maana hiyo na kuikimbia ya pili. Kwa hiyo mkiona barabarani, shuleni au sokoni kitu kimeachwa kioze, msiishie kusema kwamba hakina mwenyewe. Tafuteni namba yake, ulizeni liko wapi daftari lake, na ombeni msomewe.