Nani atailipia redio ya dansi Gitega?

Mpwa wangu amerudi kutoka Brussels na mpango kichwani. Anataka kufungua redio mjini Gitega: muziki wa kucheza mtupu, usiku na mchana, bila habari, bila mahubiri, bila matangazo ya vifo. Kule Ubelgiji alizoea kusikiliza Fun Radio, na anaona kwamba Gitega ikiwa sasa ni mji mkuu wa kisiasa, haifai iendelee kulala saa tatu. "Mjomba, hapa dansi halijawahi kupigwa redioni. Soko liko wazi kabisa." Nikamuuliza kama analijua jina la Amabano. Alidhani ni kabare iliyofungwa.

Amabano ilikuwa bendi ya redio ya taifa. Serikali ililipa mishahara ya wapiga magitaa, na nyimbo zao zilipigwa mpaka bibi zetu wakazijua. Kijana aliyezaliwa zama za simu hana kosa kutolijua hilo, lakini anayetaka kufungua redio ya dansi anapaswa kulijua kabla ya kununua hata waya mmoja.

Mimi ni mtu wa Muyinga, mtaa wa Waswahili. Utotoni kwetu hapakuwa na kituo chochote cha redio, wala hatukukosa dansi hata wiki moja. Mpaka wa Kobero, wa kuingia Tanzania, uko jirani, na mawimbi hayapiti forodhani. Mchana tulikuwa na Radio Burundi, Sauti ya Mapinduzi, na wanaokumbuka wanajua kilichokuwamo. Jua likishazama mambo yalibadilika. Mawimbi ya kati, ambayo mchana hayafiki mbali, usiku huruka juu na kurudi ardhini maili nyingi kutoka yalikotoka. Basi mkono ukizungusha kitufe polepole ulipita Kigali, ukapita Bukavu na makelele yake, ukafika Dar es Salaam. Hapo mkono ulisimama.

Aliyejua mahali pa kusimamisha mkono kuliko sisi wote tulimwita Fundi. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, mlango wa mbao na meza moja, na juu ya meza redio zilizofunuliwa matumbo. Umeme haukuwa wa kutegemea, kwa hiyo chuma cha kulehemia alikipasha kwenye jiko la mkaa, akakigusisha kwenye risasi, na ule moshi mkali wenye harufu ya utomvu ukajaa kibanda na kuingia kwenye kanzu yake. Ungeweza kumtambua gizani kwa harufu hiyo. Hata msikitini, safu ya mbele, tulijua amesimama wapi.

Kutengeneza redio ilikuwa kazi yake ya mchana. Fedha aliipata usiku. Alikuwa na redio-kaseti moja ya National, kubwa, yenye spika mbili, na baada ya sala ya isha alikaa mbele yake na kidole juu ya kitufe cha kurekodi. Mlimani Park, Juwata, Maquis, Marijani Rajab na Dar International, Vijana Jazz: wote aliwanasa humo. Inafaa mpwa wangu aelewe kwa nini biashara hii iliwezekana. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatulia sahani za santuri. Bendi ziliingia studio za Radio Tanzania, zikarekodiwa, na kanda ikabaki maktaba ya redio. Nyimbo chache zilivuka kwenda Nairobi zikawa sahani. Nyingi hazikuwa na duka lolote duniani. Ukiutaka wimbo wa Mlimani Park, yaani Sikinde, njia ilikuwa kuusubiri hewani na kuunasa, au kumlipa mtu kama Fundi akusubirie.

Alikuwa mkali kuhusu usafi wa kazi. Kanda isiyo na sauti ya mtangazaji ilikuwa na bei yake, na iliyoingiliwa na maneno au na ngoma ya taarifa ya habari iliuzwa kwa bei ya chini. Watangazaji waliozungumza kabla gitaa la mwisho halijanyamaza aliwalaani kama watu wanaomjua na kumfanyia makusudi. "Huyu bwana hana adabu," alisema, akirudisha kanda nyuma. Kanda tupu zilikuwa adimu, kwa hiyo tulimpelekea za masomo ya Kifaransa kutoka shule ya mapadri. Zilikuwa zimevunjwa kile kimeno cha nyuma zisifutike. Fundi alikiziba kwa karatasi iliyotafunwa, akarekodi juu yake. Nilikuwa na moja ambayo baada ya Marijani ilibaki sauti ya mwanamke wa Kifaransa akiuliza kituo cha treni kiko wapi.

Mwezi wa Ramadhani aliacha dansi kabisa, akauza kaswida na taarabu. Mkesha wa Idi foleni ilifika barabarani. Wasio Waislamu nao walipanga foleni, maana sherehe ya Idi Muyinga ilikuwa ya mji mzima na kila ua ulihitaji kanda mpya. Hilo ndilo lilikuwa soko la muziki wa dansi katika mji ambao hata katika sensa ya 2008 haukufikisha watu 10,000.

Nilipohamia Gitega kikazi nilikuta masikio mengine. Ni mji wa shule, wa mapadri, wa kambi ya jeshi. Hata ngoma zake ni za Gishora, za kifalme, zinazochezwa kwa heshima yake na wala si za kumshika mtu kiuno. Kwenye kabare za mtaa wa Shatanya walipiga Franco na Tabu Ley, Mbilia Bel alipopamba moto wakampiga mpaka kanda zikakwaruza, na katikati yake nyimbo za Kifaransa kwa ajili ya walimu. Nilileta kanda ya Sikinde kutoka kwetu, wakaisikiliza kwa adabu, wakarudisha Kinshasa. Walioielewa walikuwa Waswahili wa mjini na madereva. Tangu wakati ule nilijua kwamba Gitega na Muyinga, ingawa ramani inaziweka ndani ya nchi moja ndogo, hazichezi kwa mguu mmoja.

Miaka ya vita iliyofuata 1993 siielezi. Kila nyumba ina habari zake. Kwa upande wa redio nitasema mambo mawili tu. Vikwazo vya 1996 vilipofunga mpaka, mawe ya redio yalipanda bei hadi watu wakayaanika juani yapate uhai wa nusu saa zaidi, na nusu saa hiyo hakuna aliyethubutu kuitumia kwa dansi: ilikuwa ya habari. Na ng'ambo ya pili, Ngara, mwaka 1995 Wajesuiti walifungua Radio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi. Muyinga ikaanza kuisikiliza kana kwamba ni yake, na mpaka leo haijaacha.

Kisha zikaja FM za watu binafsi. Nilitafuta miaka nisije nikaandika uongo: RPA ni 2001, Isanganiro ni 2002, Bonesha ilitoka kwenye tumbo la Umwizero kabla ya hizo. Miaka yenyewe si kitu. Jambo ni kwamba FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na nchi yetu ni vilima, kwa hiyo kituo cha Bujumbura kisichoweka mtambo mlimani hakifiki popote. Vilivyofika, vilifika kwa maneno. Tulichokisubiri hewani kilikuwa mchezo wa Umubanyi niwe muryango, mijadala, na matangazo ya vifo. Muziki uliwekwa kuziba nafasi kati ya mtu mmoja anayezungumza na mwingine. Jaribio la mapinduzi la Mei 2015 lilipofuatwa na kuzimwa kwa vituo vile, tulilia ukimya wa maneno. Sikumsikia mtu aliyelilia nyimbo.

Wakati huo Fundi alikuwa ameshafariki. Mtoto wake aliendelea kidogo, akihamisha nyimbo kwenye fleshi na kadi za simu, nyimbo 500 kwa bei ya soda, zote zikiwa zimepigwa mhuri wa sauti ya dijei fulani anayejitaja kila baada ya nusu dakika. Baba yake angeirudisha kanda. Siku hizi nikipita Shatanya nasikia spika tatu zikipiga amapiano ileile kwa kupishana sekunde mbili, na vijana wamekaa wakitazama simu. Hawachezi. Labda wanacheza kwingine, baada ya mimi kulala. Nina haki ya kununa lakini sina haki ya kudai kwamba dansi limekufa. Waimbaji wetu Sat-B na Big Fizzo wanajaza viwanja. Kidum, aliyehamia Nairobi zamani, akirudi nyumbani wazee nao huja.

Kwa hiyo watu wapo, na mpwa wangu hajakosea hapo. Amekosea kwenye mfuko. Redio ya muziki huishi kwa mwenye bidhaa anayetaka kuwafikia wasikilizaji, na wenye bidhaa Burundi hawazidi vidole: Brarudi na bia zake, kampuni za simu kama Lumitel na Econet Leo, kisha miradi ya wafadhili, ambayo hulipia vipindi vya chanjo na haki za wanawake na haitalipia rumba. Brarudi ina kiwanda Gitega, lakini ofisi inayoamua tangazo liende wapi iko Bujumbura, mji ambao mwaka 2008 ulikuwa na karibu watu laki 5, wakati Gitega ilikuwa na 42,000 hivi. Hata jirani yetu, redio ya akina mama ya Giheta, Ijwi ry'Umukenyezi, iko hewani kwa sababu ina jambo la kuwaambia watu wa vilimani.

Atanijibu kwamba Clouds ya Dar es Salaam imefaulu kwa muziki. Clouds ilianza kama disko ya akina Joseph Kusaga. Madijei, spika na wateja wa mlangoni walikuwepo kabla ya masafa. Hata Kiss FM ya London, iliyoanza bila kibali mwaka 1985 na kupewa leseni ikarudi hewani kihalali mwaka 1990, ilisimama juu ya kumbi za usiku na maduka ya sahani. Gitega ukumbi uko wapi? Tangu serikali ihamishiwe hapa, watumishi wenye mishahara wanafika Jumatatu, na Ijumaa mchana magari yanashuka Bujumbura kwa familia zao. Jumamosi usiku, saa ambayo redio ya dansi huvuna, wenye fedha ya kununua bia ya pili wako ziwani.

Muyinga ni kinyume chake. Ulikuwa makao ya mkoa hadi 2025, sasa umemezwa na mkoa mpya wa Buhumuza na makao yamekwenda Cankuzo, lakini wafanyabiashara hawakuhama. Wenye vitenge, wenye mahindi, wenye nyumba za wageni zinazolaza madereva wa malori ya Kobero, wote wanalala mjini Jumamosi, na wanajua Kiswahili cha nyimbo. Shida ya Muyinga ni kwamba Kwizera na redio nyingine za Tanzania zinafika bure.

Ningekuwa yeye ningeanzia Muyinga, tena na spika za kukodisha kwenye harusi za kiangazi, miaka miwili, ndipo niombe leseni kwa baraza la mawasiliano, CNC, na masafa kwa wakala wa mawasiliano ya simu, ARCT. Gitega ningeipa dansi usiku wa Alhamisi tu, kabla watumishi hawajaondoka, na siku nyingine ningewapa wanachokitaka: mpira, bei za soko, na matangazo ya vifo. Mtambo usinunuliwe kabla ya jenereta, na jenereta isinunuliwe kabla ya kujua petroli au mazuti yatapatikana wapi. Miaka ya karibuni, wiki nyingi hayakupatikana.