Kumdai msimamizi wa urithi hesabu si utovu wa adabu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mpenzi msomaji, methali hii niliiandikia insha nikiwa shule ya msingi na mwalimu akanipa alama nzuri. Lakini maana yake niliijua baada ya kumzika baba.

Baba alifariki mwaka wa 2009 bila kuacha wosia. Aliacha mke, watoto wanne, shamba la ekari tatu na ploti mjini Nakuru yenye vyumba sita vya kupangisha. Mimi kifungua mimba nilikuwa na umri wa miaka 19, nao wadogo zangu walikuwa bado shuleni. Sheria ya Urithi, yaani Sura ya 160 ya Sheria za Kenya, hutaka kwa kawaida wasimamizi wasipungue wawili iwapo marehemu ameacha watoto wadogo. Basi wazee wa ukoo waliketi wakaamua kwamba mama asimamie mali pamoja na baba mdogo. Mama alitia sahihi pale alipoonyeshwa. Hakusoma, wala hakuna aliyemsomea.

Barua ya usimamizi ilitoka mahakamani mwaka wa 2010, na tangu siku hiyo baba mdogo ndiye aliyekusanya kodi ya vyumba. Mwanzoni alimletea mama pesa kila mwezi. Baadaye alizileta kila baada ya miezi mitatu, kisha zikawa za Krismasi. Kitinda mimba wetu alipofukuzwa shule kwa kukosa karo, mama alinituma kwa baba mdogo. Alinitazama kutoka utosini hadi wayo, akaniuliza, "Tangu lini mtoto akamkagua mzazi?" Nilimwomba radhi, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Hebu jiulize, msomaji, ni familia ngapi zimefungwa midomo na swali kama hilo?

Siku moja mwaka wa 2013 tuliwakuta watu wawili shambani wakipima kwa kamba. Mmoja alitueleza kwa upole kwamba alikuwa amekubaliana na baba mdogo kununua ekari moja, na kwamba alikuwa amekwisha kulipa pesa za kwanza. Mama aliketi papo hapo kwenye mahindi.

Ndipo nilipofunga safari kwenda mahakamani, si kushtaki bali kuuliza. Karani wa masijala aliitafuta faili yetu akanifungulia. Ilikuwa nyembamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. "Hesabu za mali ziko wapi?" aliniuliza. Sikuwa hata na habari kwamba zilihitajika.

Kumbe barua ya usimamizi haimpi mtu mali, humpa kazi. Katika muda wa miezi sita tangu kuipata, msimamizi anapaswa kuwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, pamoja na hesabu. Miezi sita ikipita, huomba barua hiyo ithibitishwe, na hapo ndipo kila mrithi hutajwa na fungu lake. Kabla ya uthibitisho huo, hana ruhusa ya kuuza shamba wala ploti. Mwaka mmoja ukipita bila yeye kuomba uthibitisho, naye hana sababu ya maana hata baada ya kuarifiwa, mahakama inaweza kuifuta barua yake. Inaweza kuifuta pia ikiwa aliipata kwa udanganyifu, kwa mfano kwa kumficha mke au mtoto wa marehemu.

Isitoshe, msimamizi akitumia mali vibaya na hasara ikatokea, atailipa yeye mwenyewe. Akifanya hivyo makusudi, ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata jamaa asiye na barua yoyote, akiingilia mali ya marehemu, anakabiliwa na adhabu iyo hiyo.

Niliporudi na habari hizi nilidhani mama atafurahi. Alinyamaza. Jina lake nalo lilikuwa kwenye barua ile ile, hivyo kumdai baba mdogo hesabu kulikuwa ni kumdai yeye pia. Nilikuwa tayari kuacha. Ni mama aliyekataa. "Heri niwajibu mahakimu," alisema, "kuliko kuwajibu ninyi mkiwa hamna pa kulima."

Tulianza kwa barua ya kudai hesabu. Hakujibu. Tuliweka zuio katika ofisi ya usajili wa ardhi ili shamba lisihamishwe, kisha tukaiomba mahakama iamuru hesabu zitolewe na baba mdogo aondolewe. Mama alikiri katika hati ya kiapo kwamba alitia sahihi bila kusoma. Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Shamba lilibaki, naye mnunuzi akaachiwa kumdai baba mdogo pesa zake. Mimi nilichukua nafasi ya baba mdogo, na mwishowe barua ikathibitishwa. Kodi iliyoliwa haikurudi yote. Nyingine ilikuwa imejenga nyumba, nyingine imesomesha binamu zangu. Siwezi kusema kwamba baba mdogo alikuwa mwizi tangu hapo. Aliachiwa mfuko bila daftari, nasi tukanyamaza.

Kwa hivyo, msomaji, usingoje kama sisi. Uliza mapema, na uulize kwa maandishi, ukibaki na nakala. Nenda ukasome faili ya urithi wenu. Ombi la usimamizi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa angalau siku 30. Kumbuka pia kwamba sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa msimamizi mwenye barua, hata barua hiyo ikifutwa baadaye. Ukichelewa, huenda ardhi ikaenda ukabaki kudai pesa. Ikiwa huna uwezo wa kumlipa wakili, mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA Kenya yamewasaidia wengi. Kwa ndugu zetu Waislamu, mgao hufuata sheria ya Kiislamu na wanaweza kufika mbele ya Kadhi.

Siku hizi ploti inamfaa mama maishani mwake, kama sheria inavyompa mjane, nami humkusanyia kodi na kuiandika daftarini. Mwaka jana kitinda mimba aliniuliza mbona kodi ya chumba cha nne haionekani. Hasira ilinipanda. Kidogo nimwulize tangu lini mdogo akamkagua mkubwa wake. Nikakumbuka ni nani aliyewahi kuniambia maneno hayo, nikaenda ndani nikalileta daftari. Mpangaji alikuwa amehama, na chumba kilikaa kitupu miezi miwili. Alisoma, akanishukuru, tukanywa chai.